Firigisi ya Jogoo wa Mtihani

Jogoo wa mtihani aliibwa Jumanne, kati ya saa nne na saa sita, na bila jogoo huyo Ayuma hangehitimu.

Alikuwa amesomea kompyuta miaka minne. Lakini chuo kile cha Kakamega kilitaka kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa hesabu, apite somo la lazima la ufugaji: ulee kuku tangu kifaranga, umlete apimwe kwenye mizani akiwa hai. Sasa kibanda cha Ayuma kilikuwa kitupu, na kufuli imefungwa vizuri, haina hata mkwaruzo. Ufunguo wa pili ulikaa ofisini.

"Hakuna jogoo, hakuna alama," alisema Daktari Philemon, mwalimu wa somo hilo, huku akichokonoa meno. "Utarudia mwaka ujao."

Ayuma alianza na mwanafunzi mwenzake Kipng'eno, ambaye kuku wake alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kideri.

"Ulionekana vibandani saa tano."

"Nilienda kumlilia wangu. Na kama ningeiba wako, si ningemleta apimwe kwa jina langu? Ama unanionanga mjinga?"

"Kidogo," Ayuma alisema, akamwachilia.

Nyuma ya jikoni alikuta manyoya mekundu, ya jogoo wake kabisa. Mpishi, Mama Kageha, aliapa kwamba alipika maharagwe tu. Lakini siku hiyo chuo kilikuwa na mgeni: mkaguzi kutoka Nairobi, aliyekuja kuamua kama masomo ya lazima yaendelee au yafutwe. Mgeni, Kakamega ambako mgeni huchinjiwa kuku, alishwe maharagwe?

Saa nane Ayuma aliingia chumba cha kulia. Mkaguzi na Daktari walikuwa wakinywa chai, Mama Kageha akiondoa sahani.

"Mama, samahani. Watu wanasema firigisi umeila wewe."

Mama Kageha aliweka sahani chini. Mpishi wa huku ukimwita mwizi atalala usingizi wake. Ukimwita mla firigisi, kipande cha heshima cha mgeni, hatalala.

"Mimi? Firigisi niliiweka kwa sahani ya huyu mgeni kwa mkono wangu. Muulize Daktari. Si ni yeye alifungua kufuli akaniletea yule mnene?"

"Huyo ndiye jogoo wangu wa mtihani," Ayuma alisema.

Mkaguzi alimgeukia Daktari. "Kumbe nimekula mtihani wa mtu?"

"Ungekula maharagwe ungefuta somo," Daktari alisema. "Likifutwa, mimi nitafundisha nani?"

"Ndiyo ukaona nirudie mwaka?" Ayuma aliuliza.



"Jogoo alilelewa vizuri. Mpe alama," mkaguzi alisema.

"Kanuni inasema apimwe akiwa hai."

"Basi nipime mimi."

Ayuma alipita kwa alama arobaini. Zilimgharimu jogoo mmoja, madebe mawili ya mahindi na miezi mitano ya kuamka alfajiri. Daktari alipoteza somo zima.