Profesa Hakufunzwa Kuuliza

Kila asubuhi, kabla jogoo hajamaliza kuwika, mama fundi alikuwa ameshapiga pasi sare ya binti yake. Akitoka kwenye sare, anapanga vitabu mkobani. Akitoka kwenye vitabu, anamwamsha binti kwa kubembeleza, kama anayeamsha mtoto mchanga.

"Kitinda, amka mama. Maji yako yako bafuni, ya moto."

Kitinda mimba huyo alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Hakuwahi kufua hata soksi.

"Wewe soma tu," mama alizoea kumwambia. "Mengine niachie mimi."

Maneno hayohayo aliwahi kumwambia kaka yake Kitinda.

Kaka mtu, mtaa mzima ulimwita Profesa. Jina alipewa siku matokeo yake yalipotoka, maana pale mtaani hakuna aliyewahi kufaulu kama yeye. Wakati ule lilikuwa jina la sifa. Sasa lilikuwa jina la kejeli. Profesa alikwenda chuo, mwaka haukuisha vizuri, akarudi mikono mitupu. Siku hizi alikuwa anaziba pancha kwenye kibanda cha baiskeli ng'ambo ya barabara. Na wateja hawakuwa na huruma.

"Profesa, mhadhara wa leo unahusu nini? Pampu?"

"Profesa, lisomeshe tairi langu, limefeli!"

Mama aliyasikia yote akiwa barazani kwenye cherehani yake. Kila neno lilimchoma. Watu wakimuuliza mwanawe kapatwa na nini, jibu lake lilikuwa moja: "Kijicho cha walimwengu. Walimroga."

Mchana mmoja jirani mpya alileta sketi ipunguzwe kiuno. Jirani huyo alikuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja upande wa pili wa mji. Alimkuta mwanagenzi wa mama fundi, msichana mwenye mdomo, akihangaika na zipu iliyokwenda upande.

"Mama, si unishonee tu hii zipu? Wewe ni kufumba na kufumbua."

"Nikikushonea, siku ukifungua kibanda chako utanibeba mgongoni nije nikushonee na huko? Fumua. Anza upya."

Mwanagenzi akafumua, mdomo ameuvuta kama chuchu ya chupa.

Hapo Kitinda akaingia kutoka shule. Akautua mkoba miguuni pa mama yake.

"Mama, mwalimu anataka tuchague kozi za chuo."

"Nimeshakuchagulia. Maabara ya hospitali. Kesho nakwenda kuongea naye mwenyewe."

"Basi kemia naiacha. Inanitoa jasho."

"Iache, mama. Usijiumize."

Jirani aliiweka sketi mezani taratibu.

"Dada, usinione mdaku," alisema. "Huyu wa zipu unamwambia afumue. Huyu wako mbona unamshonea?"

"Huyu anasoma."

"Ndiyo. Na anakwenda kusoma mahali ambapo wewe hutakuwepo. Kwanza, kozi ya maabara bila kemia hapati, hata kwetu hapati. Mwache aende vyuoni akaulize mwenyewe wanataka masomo gani. Pili, chuoni hakuna kengele ya kumwamsha wala mwalimu wa kumfuata. Mhadhiri anafundisha, anaondoka. Mwanafunzi asome kabla, aandike kwa maneno yake, asipoelewa aulize. Hayo hayaanzi siku ya kufika chuoni. Yanaanzia hapa nyumbani."

Mama fundi alicheka kicheko kikavu. "Wangu wa kwanza alikuwa na akili kuliko wote. Akili haikumsaidia. Walimroga."

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Profesa. Alikuwa amekuja kula, amesimama mlangoni, mikono myeusi kwa gundi na vumbi la tairi.

"Niliugua wiki ya mitihani," alisema. "Homa. Sikumwambia mtu. Nilidhani kuna atakayekuja kunitafuta, kama ulivyokuwa unanitafuta wewe. Hakuja mtu. Nilipopona niliona haya kwenda ofisini. Nikawa nalala tu, mpaka wakaniondoa."

"Si ungeniambia, baba!"

"Ungekuja. Ungesimama mbele ya wenzangu unaniombea. Kuuliza mwenyewe sikujua, mama. Sikuwahi kuuliza kitu maishani, wewe uliniulizia vyote." Akatazama mikono yake. "Sikurogwa. Nilibebwa. Halafu nikashushwa ghafla, nikaambiwa kimbia."

Mama fundi aliinamia sketi ya watu, na sketi ikalowa.

Kuanzia kesho yake, hakumwamsha Kitinda. Alikaa barazani na mikono mapajani. Binti alichelewa shule, akarudi analia.

"Mama, mbona umenifanyia hivi?"

"Saa ya mezani ni yako sasa. Itege."

Alichelewa tena. Kisha akazoea. Akafua, akaunguza shati kwa pasi, akajifunza. Mwenyewe akapanga saa za kusoma, na kemia akaipa saa za asubuhi, akili ikiwa bado mbichi. Akaenda vyuoni peke yake kuuliza. Chuo cha kwanza walimzungusha, akarudi kesho yake mpaka akajibiwa. Jioni Profesa alikaa naye.

"Soma ukurasa huu. Sasa funga kitabu, nieleze."

"Kaka, nimesahau!"

"Basi hukuelewa. Fungua tena."

Alikuwa anafundisha vizuri. Na hilo ndilo lililomuuma mama kuliko matusi ya wateja.

Kitinda alifaulu, akapata nafasi ya maabara. Muhula wa kwanza haujaisha, simu ikaita barazani, mama akaipokea kwa spika.

"Mama, niliugua wiki ya mtihani."

Mama fundi alikuwa ameshasimama, mtandio mkononi. "Nakuja!"

"Kaa, mama. Nilikwenda zahanati, nikachukua cheti cha daktari, nikampelekea mhadhiri siku hiyohiyo. Mshauri wa wanafunzi wa huku akanisaidia. Mtihani nitaufanya nikipona. Nimepiga kukusalimu tu."

Profesa alikuwa amesimama pale, amesikia yote.

"Kumbe ni hivyo tu," alisema. "Mlango wa mshauri, pale chuoni, nilikuwa naupita kila siku."

Mambo mengine hayana pole.

Asubuhi iliyofuata alijitanda mtandio. Alitaka kwenda kwenye chuo kile cha zamani, amwombee mwanawe arudishwe. Alifika kizingitini, akasimama sana. Kisha akauvua mtandio, akaukunja.

"Baba," aliita. "Jirani anasema wengine huomba upya, wakakubaliwa. Ukitaka kuuliza, mimi nitakuwa hapa."

Profesa alivuka barabara kwenda kibandani.

Siku kadhaa zikapita hivyo. Halafu asubuhi moja mama alimwona anasugua mikono kwa sabuni na mchanga, mpaka kwenye kucha. Alikuwa amevaa shati safi, bahasha ya vyeti vyake vya shule iko kando. Alilipiga pasi mwenyewe, na kola ilikuwa imejikunja.

Mikono ya mama ilimwasha kuinyoosha ile kola. Akaiweka mikono chini ya mapaja, akaikalia.