Sauti ya Kisiki

Kingurumishi kilizuka katikati ya bwawa, mashine ya mviringo kama sufuria iliyofunikwa, kikanguruma. Dume kijana wa kiboko aliyekuwa akinyemelea majike akageuka mbio, maji yakaruka pande zote.

"Umeona, Ladi? Hakuna hata jino lililovunjika!" Daktari Emerensiana alicheka, amekaa na Ladislaus, askari wa wanyamapori, ndani ya gari-hewa lililoelea juu ya matete.

Na kweli, mashine yake ilikuwa na akili. Huko Katavi, maji yakipungua kiangazi, madume huumizana vibaya, kwa kuwa mwenye bwawa ndiye mwenye majike. Kingurumishi kilipima mawimbi ya kila mwili ulioingia majini. Kikikuta mgeni, kilitoa sauti ya mwenye bwawa, dume mzee aliyeitwa Kisiki. Mgeni akisikia, huyoo! Damu ilikoma. Mjini Mpanda walimsifu Emerensiana hadi akaona haya.

Ila Kisiki mwenyewe alikuwa haonekani.

Walimkuta alasiri kwenye korongo kavu, ngozi imepasuka kwa jua, mbavu za kuhesabika. Emerensiana alimjua tangu akiwa mwanafunzi. Alilia waziwazi.

"Jamani, nani kamfukuza? Bwawa si lake?"

"Tummwagie maji kwanza, Daktari," alisema Ladislaus. "Kulia baadaye."

Walimnyunyizia kutoka juu. Kisiki akapata nguvu, akajikokota hadi ukingoni, akatia miguu ya mbele majini.

Kingurumishi kikazuka. Kikanguruma.

Kisiki akashtuka, akainamisha kichwa na kutikisa mkia. Kingurumishi kikazidi kunguruma, naye akarudi nyuma akitetemeka.

"Mungu wangu," Emerensiana alinong'ona. "Ile sauti nilimrekodi enzi zake, ana nguvu. Sasa amezeeka, amekonda, mawimbi yake yamebadilika, mashine haimtambui. Nimemfukuza kwa sauti yake mwenyewe!"

"Ukiizima, yule kijana atakuja."

"Najua." Akaizima.

Kijana alikuja kweli. Alisimama mbele ya mzee, akapanua kinywa chenye meno kama mipini ya majembe. Emerensiana alimshika Ladislaus mkono.

Kisiki hakupanua chake. Aliinamisha kichwa, akatikisa mkia, akanya majini. Kwa viboko, dume akifanya hivyo amekubali kushindwa.

Kijana alimtazama kitambo. Kisha akafunga kinywa, akarudi kwa majike. Mzee akateremka taratibu penye matete, maji yakamfunika mgongo, akashusha pumzi ndefu iliyosikika mpaka garini.

"Makubwa haya," Ladislaus alisema. "Mzee mzima anampa kijana shikamoo!"

"Na kijana kaitikia." Emerensiana alijifuta machozi, akateremsha kamba yenye kulabu kukivuta kingurumishi kutoka majini. "Siku zote hizi alikuwa anaiamkia mashine yangu, Ladi, na mimi sikuifundisha kuitikia."