Miwani ya Kanini

Pikipiki ya Kanini, Boxer nyekundu, ililala mtaroni, gurudumu la nyuma bado likizunguka. Yeye mwenyewe alipiga magoti kwenye vumbi la barabara ya Mbumbuni, bunduki ya Nzau, dereva wa lori, ikimgusa kisogo.

Mbele yao lilisimama lori la Isuzu alilolifukuza tangu asubuhi. Lilijaa maembe.

"Kanini, uko wapi?" ilinong'ona redio ndani ya hereni yake. Alikuwa mkubwa wake, Abdiwahab, kutoka Kitui.

Kanini alizidi kuinamisha kichwa ili hereni isisikike.

Kitonga, mwenye lori, alishuka kutoka humo polepole kama bwana harusi. Suti nyeupe, viatu vya ngozi ya mamba, marashi ya kufukuza mbu. Watu wa Makueni walimwita mfadhili. Kanini alimwita mwizi wa macho. Aliuza dawa bandia za macho, maji ya bomba kwenye vichupa vya kupendeza, na kesho wangetiliwa wazee wa kambi ya upasuaji wa macho kanisani Tulia.

Mama yake Kanini alikuwa mmoja wao.

Lakini lori lilikuwa limepekuliwa mara mbili, na mara zote mbili polisi waliambulia maembe.

"Ndiyo huyu macho nne wa serikali?" Kitonga alicheka. "Wamekosa mtu wa kutuma?"

Walanguzi wote walimjua Kanini kwa miwani yake minene. Kitonga aliichomoa usoni pake, akaiangusha, akaisaga kwa kiatu.

"Haya. Saa hii unaona nini?"

"Sioni kitu, mzee." Kanini alipapasa vumbi. "Nisaidie miwani yangu, tafadhali."

"Tumfunge, bosi?" Nzau aliuliza.

"Kamba ya nini? Huyu hata mlango ya choo hawezi pata. Toa mzigo haraka, gari ya Probox inakuja kuchukua."

Mjinga mwenye pesa ni mjinga tu.

Nzau aliegemeza bunduki kwenye tairi, akaingia uvunguni na spana. Akafungua tangi la pili la mafuta. Halikuwa na hata tone la dizeli. Yakatoka maboksi meupe, moja baada ya jingine.

Kanini aliyaona yote.

Majuma mawili nyuma daktari alikuwa amemfanyia upasuaji wa leza. Siku za mwanzo kila taa ilivaa pete ya ukungu, naye akalia gizani akidhani amejimaliza. Kisha asubuhi moja akaona kucha za kuku aliyekuwa ng'ambo ya ua. Miwani aliyoisaga Kitonga ilikuwa kioo kitupu, ya kuwahadaa walanguzi.

Upepo ukavuma. Vumbi likamjaa, macho yakakauka, dunia ikageuka uji. Daktari alikuwa amemwonya: usisugue hata kidogo. Hakusugua. Alitoa kifuani kichupa cha dawa alichopewa na daktari, akajitilia.

"Unafanya nini wewe?"

"Nalia, mzee."

Kitonga alicheka hadi akajishika tumbo.

Kanini alipepesa macho mara moja, mara mbili. Dunia ikarudi mahali pake. Akaruka, akanyakua bunduki ya Nzau.

"Weka hiyo chini!" Kitonga alirudi nyuma. "Kipofu wewe, utaua nani?"

Akageuka, akatimua mbio kuelekea shambani.

"Kisigino cha kushoto," alisema Kanini.

Paa!

Kisigino cha kiatu kikaruka peke yake. Suti nyeupe ikajitandaza kwenye vumbi. Nzau akatoka uvunguni, mikono juu, bila kuambiwa.

"Mzigo uko kwa tangi ya pili, chini ya lori," Kanini aliiambia hereni yake. "Kuja na pingu mbili. Halafu kuna Probox nyeupe inageuka pale juu kilimani. Andika namba." Akaitaja, herufi kwa herufi.

"Umeisoma kutoka hapo?"

"Andika tu, mkubwa."

Polisi walipowasili, Kitonga bado alikuwa akipapasa vumbi, akitafuta kisigino chake. Kanini hakumtazama mara ya pili. Alivaa miwani ya jua, kama daktari alivyoagiza, akampigia mama yake simu.

"Mwaitu, kesho nakupeleka Tulia mwenyewe. Dawa utatiliwa ni ya ukweli."

"Na utaendesha aje pikipiki na hayo macho yako mabovu?"

"Polepole, mwaitu," alisema Kanini, akaenda kuinua Boxer yake.