Chupa ya Kombe Niliyoinyamazia

Nina miaka sitini na saba, wasomaji wenzangu, mjane, na nasimulia leo kwa sababu sitaki kufa na jambo hili moyoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeolewa kijiji cha Ambanoro, kisiwani Nosy Be, Madagaska, nikisuka mikeka ya rafia. Mume wangu, Abdu, alishikwa na homa. Mama mkwe akamwita fundi wa chuoni, mwalimu wa Kurani, aje amwandikie kombe, nami nikatumwa zafarani ya kuandikia. Miaka ile maduka hayakuwa na kitu... Nilizunguka mji wa Hell-Ville wote, wapi! Nirudi mikono mitupu, mimi niliyeitwa mzembe kila siku? Thubutu! Nikachukua unga wa njano wa kutia rangi rafia, nikaukoroga kwa marashi ya waridi, nikasema ndiyo zafarani. Fundi, mzee asiyeona vizuri, akaandika aya kwenye sahani. Ikaoshwa kwa maji, Abdu akanywa. Yaliyobaki yakatiwa chupani.

Jioni alitapika. Kesho yake uso ulimvimba, mkojo ukawa matone meusi, kisha ukakata kabisa. Tukampeleka kwa meli hadi hospitali mjini Mahajanga, tukafikia mtaa wa Ampisikina kwa dada yake, wifi yangu Echati.

Daktari alimpima damu, akasema sumu imejaa. Akamtia mpira wa mkojo, kibofu hakina kitu. Akampiga picha, hakuna jiwe. Basi njia haijaziba, akatueleza, ila figo zenyewe zimegoma ghafla. Akauliza: alihara sana? Amekunywa kitu, dawa ya majani labda? Echati akamjibu kwa Kifaransa chake kizuri kwamba hakunywa chochote, kwani kwake kombe ni maneno ya Mungu, si dawa. Daktari akanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa kukataa!

Na ile chupa tulisafiri nayo, jamani... Kila asubuhi Echati alimnywesha kaka yake kijiko kimoja, akimsomea Fatiha. Nami nimekaa ukingoni mwa kitanda, nakitazama kijiko kikiingia. Nikisema, nitaitwa muuaji. Nisiposema, kesho anakunywa tena. Ningekimbilia wapi? Siku moja niliisukuma chupa makusudi ianguke. Echati akaidaka, akanikumbatia, akasema majonzi yananitetemesha mikono.

Siku ya nne Abdu, ambaye maji alikuwa akipimiwa funda kwa funda, alininong'oneza: "Kiu inaniua. Nipe kombe, mke wangu. Hilo haliwezi kunidhuru."

Nikapiga yowe! Nikaikimbiza chupa kwa daktari, nikasema yote. Akaniuliza mbona sikusema siku ya kwanza. Alihangaika naye siku mbili zaidi. Abdu wangu akafa.

Wakwe walinifukuza, na siwalaumu. Ndugu zangu, daktari akiuliza mgonjwa amekula nini, amekunywa nini, semeni! Hata kikiwa cha dini, hata kikiwa cha aibu, semeni siku hiyohiyo!

Nilirudi Ambanoro kumwangukia fundi miguuni, maana watu walikuwa wamekwisha kumsema kwamba kalamu yake imeua. Nilingoja anilaani. Alijifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Ungeniambia tu hukuipata, mwanangu," alisema. "Ningemsomea maji matupu."