Seva Iliyokataa Waya

Mdogo wangu haamini uchawi. Akimwona mtu kavaa hirizi humwuliza betri yake hudumu muda gani. Kwa hiyo aliponisimulia haya bila utani hata mmoja, nilimsikiliza hadi mwisho.

Yeye ni fundi wa kompyuta hospitalini. Asubuhi moja, jua linawaka, alisasisha Linux, mfumo unaoendesha seva, ile kompyuta kuu ya hospitali, akaiwasha upya, akaenda kunywa chai. Alisahau jambo moja: draiva, yaani programu inayoiwezesha seva kuitambua kadi ya mtandao, haikuja na mfumo. Fundi aliyemtangulia, sasa marehemu, ndiye aliyeiunda mwenyewe, kwa ajili ya mfumo wa zamani. Seva ikaamka haioni kadi. Mapigo ya moyo ya wagonjwa mahututi yakaacha kufika kwenye skrini ya wauguzi. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mama yetu.

Draiva mpya iko mtandaoni, na mtandao ndio huo haupo. Akaileta kwa flashi. Ikakataa. Akarudi kwenye mfumo wa zamani. Nao ukakataa. Bosi wake, mwenye shahada mbili na asiyejua swichi ya seva iko wapi, alisimama mlangoni.

"Binti, tunangoja."

"Ngoja umekaa basi, bosi. Utachoka."

Akachomoa waya wa mtandao ili aufute vumbi. Hakuwa na wazo jingine.

Taa ya kadi ikawaka. Kijani.

Simu kutoka wodini ikalia. "Ahsante, fundi," muuguzi akasema. "Tumerudi hewani. Mama yako anasomeka vizuri."

Waya ulikuwa bado mkononi mwake.

Akaiuliza seva kwa kibodi. Hakuna draiva. Hakuna kadi. Taa inapepesa, taratibu, kama kitu kinachopumua usingizini.

Akachomeka waya. Taa ikazima.

"Fundi," muuguzi akanong'ona. "Umefanya nini? Mama yako amepotea."

Akachomoa. Mama akarudi.

"Si inafanya kazi?" bosi akauliza. "Sasa tatizo nini?"

"Waya huu hapa, bosi."

Bosi akautazama. Akaitazama taa. Shahada zote mbili zikamtoka usoni.

"Funga mlango," akasema kwa sauti ya chini. "Usiguse kitu."

Mama alipona. Yuko nyumbani, analalamikia chumvi. Kitandani pale sasa yuko mama wa mtu mwingine, kwa hiyo seva haizimwi. Mdogo wangu hawezi kuitengeneza, maana haijaharibika. Hawezi kuacha kazi, maana atamkabidhi nani, na atamwambia nini?

Waya kautundika kwenye msumari, ukuta wa pili. Ufunguo wa chumba anao yeye peke yake. Kila asubuhi anaukuta waya palepale, ncha yake ina joto, imelowa mate. Na kwenye plastiki kuna alama mpya za meno, madogo madogo, kama ya mtoto.