Tope Lililoishia kwa Bibi Suzana

Kila Jumamosi, kabla hata chai haijachemka, Tereza alikuwa mtaroni. Nyumba yao ilikuwa Igogo, kwenye mteremko wa mawe, na kila mvua iliyonyesha kilimani ilishusha mchanga, mifuko na chupa tupu hadi mbele ya mlango wao. Mama yake, Hellen, aliuza samaki sokoni. Baba yake, Mashimba, alikuwa mlinzi kiwandani. Wote wawili walirudi nyumbani miguu ikiwauma, kwa hiyo mtaro ukamwangukia Tereza, mtoto wa darasa la sita. Kuchota maji kulikuwa kwake, vyombo vilikuwa vyake, na mtaro ukawa wake pia. Alichoka, maskini, na hakuna aliyemuuliza.

Kazi yenyewe ilijulikana: kuzoa tope kwa beleshi, kulijaza kwenye viroba, kisha kuvipandisha hadi barabara ya juu linakopita gari la taka. Kiroba cha tope bichi ni kizito kuliko mbuzi. Siku moja Tereza aligundua kwamba akilisukuma tope kwa jembe kufuata mteremko, linateleza lenyewe mpaka kiwanja chao kinapoishia. Hapo aliliacha. Mbele ya kwao pakang'aa, mama akamsifu, naye akazipokea sifa. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

Jirani yao wa upande wa chini alikuwa Bibi Suzana, mjane aliyeishi peke yake. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya kalvati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya barabara kwenda ziwani. Tereza alimpenda sana. Mama akichelewa sokoni, Tereza alikula kwa Bibi michembe, yaani viazi vitamu vikavu, iliyopikwa na karanga, kisha akafanyia hesabu zake pale pale mezani. Magoti ya Bibi yalikuwa mabovu na beleshi lilimshinda. Mtaro wake ulizidi kujaa, na Tereza aliuona ukijaa. Alijiambia kwamba hiyo ni kazi ya halmashauri.

Jumanne moja mvua ilimwagika mchana kutwa. Tereza alirudi kutoka shuleni akiwa ameloa chapachapa, akamkuta Bibi amepandisha miguu kitandani, huku ndala na masufuria yakielea chini. Mama yake na majirani walikuwa wakikumba maji kwa mabeseni. Tereza naye akaingia kazini, wakakumba mpaka mikono ikafa ganzi. Maji yalipokwisha, wakauona ukuta wa chumbani. Ulikuwa umepasuka kutoka dirishani hadi sakafuni.

"Shikamoo, Bibi," alisema Tereza kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi hakutabasamu. "Mwanangu Alexander amepiga simu. Anasema ikinyesha tena hivi, ukuta utaniangukia. Mwisho wa mwezi anakuja kunihamishia kwake Geita. Mimi sitaki kwenda. Kwaya yangu iko hapa, watu wangu wako hapa. Lakini nimechoka, mwanangu. Kila wingu likitanda, mimi usingizi sina."

Tereza akachukua tambara, akaanza kupangusa sakafu.

Kesho yake jioni akaja mtendaji wa mtaa, Mama Roza, mabuti yake yametapakaa tope. Alikuwa amezunguka tangu asubuhi, na uso wake ulionyesha. Majirani wakamzingira.

"Kalvati limeziba!" alifoka Pius, mwenye nyumba iliyo juu ya kina Tereza. "Halmashauri wako wapi? Kodi ya majengo si tunalipa?"

"Kalvati ni la halmashauri, sikatai," alijibu Mama Roza, kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara nyingi. "Mwaka jana walilizibua, mkaona wenyewe. Halikumaliza mwezi. Lakini mtaro ulio mbele ya nyumba yako ni wako kuusafisha. Sasa nani hapa hasafishi?"

"Kwangu pasafi," alisema mama yake Tereza. "Njoo uangalie."

"Hata kwangu," alidakia Pius.

Mama Roza akatazama. Kweli, huko juu kote mtaro ulikuwa safi. Kwa Bibi Suzana peke yake tope lilifika ukingoni.

"Basi labda ni mimi," alisema Bibi taratibu, ameinamisha kichwa. "Nguvu sina, mama. Nisameheni."

Kusikia Bibi akiomba msamaha kulimchoma Tereza kuliko fimbo. "Si Bibi!" alisema. "Ni mimi. Tope letu sijalibeba siku nyingi. Huwa nalisukuma mpaka kwa Bibi."

"Tereza!" Mama yake alishika kichwa. "Na mimi nakusifu!"

Pius akakohoa kama aliyekwamwa na mwiba wa sato. Mama Roza akamgeukia. "Na wewe, baba?"

"Mimi nasukuma kidogo tu," alinong'ona Pius. "Hata wa juu yangu ananisukumia."

Watu wakaguna. Kumbe mtaa mzima ulikuwa ukisukuma, na Bibi ndiye aliyekuwa akipokea.

Hakuna aliyekuwa na hamu ya kazi, lakini Jumamosi walitoka wote na mabeleshi. Pius alibeba viroba vingi kuliko wengine, na siku hiyo hakufoka. Mama Roza alikwenda halmashauri, akakaa kwenye benchi mpaka akapewa mafundi. Walipokuja, walivuta kutoka kwenye kalvati magunia, matairi na tope lisilo na mwisho. Baba yake Tereza, akitoka lindo bila kulala, alisaidiana na Pius kuziba ufa wa ule ukuta.

Alexander alipofika kumchukua mama yake, alikagua ukuta, akatikisa kichwa. "Nitangoja inyeshe kwanza," alisema.

Haikuchelewa kunyesha. Alexander alisimama mlangoni, Tereza akiwa kando yake. Maji yalishuka kwa kishindo, yakapita mbele ya nyumba, yakaingia chini ya barabara, yakaenda zao ziwani. Chumbani, Bibi Suzana alikuwa amelala fofofo.

"Haya," alisema Alexander. "Mama atabaki."

Jumamosi iliyofuata Tereza alikuwa akiburura kiroba kupanda mteremko, jasho likimtiririka. Mama yake akaweka chini beseni la samaki, akashika upande wa pili.

"Nilikosea kukuachia peke yako," alisema akihema. "Lakini shika neno hili, mwanangu. Uchafu ukiusukuma hauishi, unahamia kwa mwenzako. Na wa mwisho kuupokea ni yule asiye na nguvu ya kuusukuma. Sisi tubebe wetu, halmashauri nao wabebe wao, tutalala."

Tereza aliitikia kwa kichwa tu, maana pumzi ya kuongea hakuwa nayo. Wakakitua kiroba barabarani, wakanyoosha migongo, kisha wakashuka kufuata cha Bibi.