Homa Aliyoificha Coleta

Kengele ya mwisho ilipogongwa, wanafunzi wa Shule ya Msingi Pito walitawanyika kwa vikundi kuelekea makwao. Bertilla wa darasa la sita aliondoka peke yake, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi. Hakupita njia fupi iliyokatiza mbele ya nyumba ya Shangazi Adela. Alizunguka nyuma ya mashamba ya ulezi, huku upepo wa baridi wa mwezi wa sita ukimchoma masikio.

Zamani alikuwa akirudi na Coleta, binti wa shangazi huyo. Walizaliwa mwaka mmoja na walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Coleta alikuwa mwepesi wa miguu na mwingi wa maneno. Akisimulia kisa, alianza kucheka mwenyewe kabla hajafika penye kichekesho, na Bertilla akacheka bila kujua anacheka nini. Mwezi wa nne Coleta alifariki kwa malaria. Tangu hapo, wenzake walipomwita Bertilla kucheza rede, alisema amechoka.

Jumamosi moja mama yake alimwambia, "Kesho ni misa ya kumwombea Coleta. Nenda kamsaidie shangazi yako kupukuchua mahindi. Kila siku ananiuliza kama umemchukia."

Bertilla alikwenda.

"Hodi. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nilidhani umeshatusahau."

Walikaa mkekani uani. Walipukuchua, punje zikidondoka kwenye beseni. Shangazi alikuwa amejitanda mabegani sweta la shule la Coleta. Bertilla hakuweza kulitazama.

"Shangazi," alisema mwishowe, "mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Coleta alikuwa na homa tangu Jumatatu. Alikuwa anatetemeka darasani. Alinikataza nisimwambie mtu, maana Ijumaa walikuwa wanachagua timu ya kata ya mpira wa pete. Nikanyamaza. Halafu msibani mzee mmoja akasema, mficha maradhi kilio humfichua. Nikajua ananisema mimi."

Shangazi aliacha kupukuchua. Bertilla aliinamisha kichwa, akingoja kufukuzwa.

"Yule mzee hakujua lolote juu yako," shangazi alisema polepole. "Sasa nisikilize na mimi. Jumatano jioni nilimgusa paji la uso, lilikuwa la moto. Nikampa vidonge vya kutuliza maumivu, nikasema tutaona kesho. Kesho yake nikaenda mnadani kuuza maharage. Tulipomfikisha hospitali Jumamosi, alikuwa hatambui mtu. Hayo sijamwambia yeyote, hata kaka yangu, baba yako."

Bertilla alilia, na shangazi akamvuta karibu. Walilia pamoja mpaka kuku wakaanza kudonoa mahindi bila kufukuzwa.

"Niambie," shangazi aliuliza baadaye, akijifuta macho. "Hiyo Ijumaa, alichaguliwa?"

"Jina lake lilisomwa la kwanza. Alifunga magoli manne, kisha akakaa chini, akasema jua ni kali. Hapakuwa na jua, shangazi."

"Hakuniambia." Shangazi alitabasamu huku machozi yakimtoka. "Magoli manne. Nisimulie yote."

Bertilla alisimulia mpaka beseni likajaa.

Kesho yake, baada ya misa, ndugu na majirani walikusanyika nyumbani kwa Shangazi Adela. Kabla ya chakula shangazi alisimama, akamwita Bertilla asimame kando yake. Akawaeleza wote habari za vidonge na mnada, bila kujipunguzia lawama.

"Sisi wazazi, homa ya mtoto haingoji kesho. Apelekwe kupimwa siku ileile," alisema, kisha akageukia upande walikoketi watoto. "Na ninyi wanangu, rafiki akiwaomba mfiche ugonjwa wake, msimfichie. Mwambieni mwalimu, mwambieni mama. Atawanunia siku mbili, tatu. Mwache anune. Mimi leo ningetoa chochote nimwone Coleta wangu amekaa pale, amemnunia Bertilla."